Mwili Wangu na Miili ya Mastaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasichana wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Maswali haya yametoka kwa wasichana wa shule za upili na vyuo, na kwa mama zao, katika mazungumzo ya Kisumu, Kakamega na Nakuru. Machache yaliulizwa mbele ya watu. Mengi yaliandikwa kwenye karatasi zisizo na jina. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa, na sikuyapanga kwa uzito. Anza na lile linalokugusa.

Ni kweli kwamba picha za mastaa hubadilisha jinsi msichana anavyojiona, au tunasingiziwa wivu?

Ni kweli. Mfano ninaourudia zaidi unatoka mbali, visiwa vya Fiji, katika Bahari ya Pasifiki. Huko, kama kwetu, mwili uliojaa ulisifiwa, kwa kuwa ulionyesha kwamba mtu analishwa na anatunzwa na watu wake. Mwaka 1995 televisheni ilifika eneo la Nadroga. Mtafiti Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wasichana wa shule majuma machache baadaye, na mwaka 1998 akawahoji wengine wa umri uleule. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema hujitapisha ili apunguze uzito. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Kila kundi lilikuwa dogo, wasichana sitini na kitu, kwa hivyo tusiibebeshe hesabu hiyo mzigo usio wake. Kilichonishika mimi ni maelezo ya wasichana wenyewe. Waliwatazama wanawake wembamba wa tamthilia za Marekani wakaona watu wenye kazi, pesa na uhuru, wakaamini kwamba mwili ule ndio uliowafikisha pale.

Jambo hilohilo nalisikia hapa. Msichana wa Kondele anayetamani umbo la sosholaiti, yaani mwanamke maarufu kwa sura yake na maisha ya anasa, hatamani nyonga peke yake. Anatamani kodi iliyolipwa, safari ya Dubai, na kutolazimika kumwomba mtu nauli. Ukimwambia "jikubali" bila kuyagusa hayo, umemjibu nusu.

Na kuhusu simu: mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, kampuni inayomiliki Instagram, alitoa nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Katika uchunguzi wao wenyewe, asilimia 32 ya wasichana wa rika la ujana walisema kwamba wanapokuwa tayari wanajisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Kampuni ilijua. Kwa hiyo dada, anayekuambia una wivu tu, mwambie hata wenye mtandao waliliandika.

Najua kabisa picha zimepitishwa filta. Mbona bado zinaniuma?

Kwa sababu jicho hulinganisha kabla akili haijatoa hoja yake. Ufaransa tangu 2017 inataka picha ya tangazo iliyobadilisha umbo la mwili iandikwe hivyo, na Norway ilianza kutekeleza sheria ya namna hiyo Julai 2022. Naziheshimu sheria hizo, maana ni haki ya mtu kuambiwa ukweli. Lakini tafiti nyingi kuhusu maandishi ya aina hiyo hazikuona kwamba yanapunguza maumivu ya anayetazama. Unasoma "imehaririwa", na bado unalitazama tumbo lako.

Kinachosaidia ni kupunguza kipimo. Mwaka 2023 watafiti wa Canada walichapisha matokeo ya jaribio la vijana 220 wa miaka 17 hadi 25 waliokuwa na dalili za wasiwasi au huzuni. Kundi moja liliwekewa mpaka wa dakika 60 za mitandao kwa siku, kwa wiki tatu. Waliopunguza walianza kuridhika zaidi na sura na uzito wao. Waliobaki kama kawaida hawakubadilika. Hakuna aliyewafundisha somo lolote la kujipenda. Walitazama kidogo tu.

Jua pia jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Zinapima ni video gani imekusimamisha na kwa muda gani, kisha zinakuletea nyingine kama hiyo. Ukisimama kwa maumivu au ukisimama kwa furaha, kwao ni kusimama tu. Kila programu ina mahali pa kusema hutaki video za aina fulani. Bonyeza hapo, tena na tena, bila kumwonea staa huyo haya. Hatajua.

Kwani mastaa wanataka tuwe wembamba au tuwe na makalio?

Yote mawili kwa mpigo: kiuno cha nyigu, nyonga pana, tumbo bapa, ngozi isiyo na doa wala mchirizi. Wachache sana huzaliwa na mwili huo, maana mafuta hayakai mahali unapoyaamuru. Urithi na homoni ndivyo huamua, na anayepungua kiuno kwa kawaida hupungua na nyonga pia. Ndiyo maana umbo hilo mara nyingi limetoka chumba cha upasuaji, au kwenye mkanda wa kubana, au kwenye simu.

Msichana wa kwetu hubanwa kutoka pande mbili. Simu inamwambia punguza tumbo. Akipungua kweli, nyumbani wanaingiwa na hofu. Kando ya ziwa hili, kuanzia Kisumu hadi Siaya na Homa Bay, ukimwi ulizika watu wengi mno katika miaka ya 1990 na 2000 mwanzoni, kabla dawa hazijaenea. Kukonda kulisomwa kama hukumu. Wengine wakasema ni chira, laana ya kuvunja miiko. Mama aliyezika ndugu zake miaka ile akiona mifupa ya shingo ya bintiye inatokeza, hafikirii mitindo. Akikuuliza kwa ukali, "Unaugua nini?", sikia hofu iliyo nyuma ya swali kabla ya kukasirika.

Na vipimo vya uzuri havidumu. Mababu na nyanya zetu wa Kiluo waling'olewa meno sita ya chini ya mbele, na asiyeng'olewa alionekana hajakamilika. Wanandi na Wakipsigis walitoboa ndewe za masikio wakazinyoosha. Wapo wazee walio hai wanaowakumbuka watu wa namna hiyo. Leo hakuna msichana wa Maseno au Kericho anayelia usiku kwa kuwa meno yake ya chini yametimia.

Lupita ni wa kwetu. Je, amebadilisha chochote?

Amebadilisha, na hadithi yake inafaa kusikilizwa yote, maana watu husimulia mwisho wake mtamu wakaacha mwanzo.

Lupita Nyong'o, mwigizaji wa filamu, alizaliwa Mexico mwaka 1983 na kulelewa Kenya. Baba yake, Anyang' Nyong'o, ndiye gavana wa Kisumu tangu 2017. Februari 2014, siku chache kabla ya kushinda Oscar, alihutubia mkutano wa wanawake weusi wa Hollywood akaeleza kwamba utotoni alimwomba Mungu kila usiku aamke na ngozi nyeupe zaidi. Alifika hadi kufanya mapatano na Mungu: angeacha kuiba vipande vya sukari iwapo ombi lingejibiwa. Baadaye, katika mahojiano ya 2019, alieleza kwamba mdogo wake mwenye ngozi angavu ndiye aliyekuwa akisifiwa uzuri, na kwamba aliwahi kuambiwa kwenye majaribio ya uigizaji kuwa ni mweusi mno kwa televisheni.

Nani alimwingizia wazo hilo? Picha za mbali zilikuwa na sehemu yao, ndiyo. Lakini waliomsifu mdogo wake mbele yake walikuwa watu wa karibu. Huyu alikuwa mtoto wa nyumba yenye elimu na jina, na bado halikumpita. Hapa ndipo msimamo wangu ulipo kuhusu jambo hili zima: staa huonyesha, lakini hukumu husomwa na mdomo ulio karibu nawe. Ni shangazi, ni mpenzi, ni msusi, ni mwenzako wa dawati. Picha isiyopata mdomo wa kuirudia karibu nawe haina nguvu nyingi.

Na uponyaji wake ulitoka pande zote mbili. Staa mmoja, Alek Wek, mwanamitindo wa Sudan Kusini mweusi kama usiku, alipoanza kusifiwa duniani katika miaka ya 1990, Lupita aliona kwa mara ya kwanza mtu anayefanana naye akiitwa mrembo. Upande wa pili alikuwa mama yake, aliyemwambia mara kwa mara kwamba uzuri hauliwi, haushibishi. Mwanzoni Lupita hakumwelewa. Alimwelewa baadaye.

Hata umaarufu haukumaliza vita. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilifuta sehemu ya nywele zake kwenye picha ya jalada, naye akalalamika hadharani. Mpiga picha akaomba radhi. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha watoto kuhusu msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao, ambacho kimetafsiriwa pia kwa Kiswahili na Kiluo. Kama una mdogo wako wa miaka sita au saba, msomee. Umri huo ndio wa kuwahi.

Sosholaiti anayesema wazi kwamba amejichubua si ni bora kuliko anayeficha?

Ni bora kuliko anayedanganya kwamba ni maji na usingizi, ndiyo. Mwaka 2014 Vera Sidika, sosholaiti wa Kenya, alisema waziwazi kwenye televisheni kwamba aling'arisha ngozi yake kwa mamilioni ya shilingi, na kwamba mwili wake ndio biashara yake. Matusi aliyotupiwa baada ya hapo sikuyapenda hata kidogo. Wengi waliomtukana ndio wanaowaita wasichana weusi majina mabaya kila siku.

Ila sikiliza neno hilo, biashara. Oktoba 2022 aliutangazia umma kwamba amepunguza makalio kwa upasuaji kwa sababu za kiafya. Watu walihuzunika, wengine wakamsifu kwa ujasiri. Siku chache baadaye ikajulikana kuwa ilikuwa mbinu ya kutangaza wimbo. Ni haki yake kuutangaza wimbo wake. Lakini wewe uliyekuwa ukipima mwili wako kwa wake wiki ile, ulikuwa ukijipima kwa tangazo. Mtu ambaye mwili wake unamlipa ana mpiga picha, mpambaji na muda wa kutwa nzima kwa kazi hiyo. Mwili wako wewe una kazi nyingine, kukupeleka darasani na kukurudisha.

Mafuta ya kung'arisha ngozi yana nini hasa?

Mkorogo huuzwa madukani, sokoni na kwenye mabegi ya wachuuzi, na kwa kawaida hatari zake ni tatu.

Zebaki ndiyo mbaya zaidi. Huzuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi yake ya asili, lakini haikai kwenye ngozi. Huingia mwilini na kuharibu figo, na huweza kuleta ganzi ya mikono na miguu, wasiwasi na huzuni. Mtoto unayembeba huipata kupitia ngozi na taulo yako. Mkataba wa kimataifa wa Minamata ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja kwa milioni kuanzia mwisho wa 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuiondoa kabisa. Wauzaji hawaandiki zebaki kwenye mkebe. Lakini ukisoma maelekezo yanayosema usiguse dhahabu, fedha wala alumini baada ya kupaka, iache dukani. Shirika la Afya Duniani linataja onyo hilo kuwa dalili ya zebaki.

Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuigeuza ngozi kuwa ya rangi ya buluu iliyokolea, hasa mashavuni. Ni jambo la kuvunja moyo: mtu alitafuta weupe akaishia na doa lisilotoka. Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, limeipiga marufuku kwenye vipodozi.

Ya tatu ni steroidi kali za kupaka, kama klobetasoli. Ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi, kwa maagizo. Ikipakwa uso mzima kila siku hupunguza unene wa ngozi, huleta michirizi na chunusi, na mishipa midogo huanza kuonekana.

Kama tayari unatumia, usione haya kwenda kliniki ya ngozi, na ubebe mkebe wenyewe. Mtu wa steroidi akiacha ghafla uso huweza kuwaka na kuvimba, akadhani anahitaji kurudia. Daktari atakupunguzia taratibu. Na ukiwa mjamzito au unanyonyesha, nenda wiki hii.

Vidonge vya kuongeza hipsi vilivyobandikwa kwenye nguzo za stima vinafanya kazi?

Vingine vitakunenepesha, na hapo ndipo mtego ulipo. Katika nchi kadhaa za Afrika, dawa zinazotumiwa kwa kusudi hili ni deksamethasoni na siproheptadini. Ya kwanza ni steroidi. Huongeza hamu ya kula, huhifadhi maji mwilini na kuyahamishia mafuta usoni, shingoni na tumboni, si kwenye nyonga. Watu wanaona uso umejaa wanasema "umependeza". Wakati huohuo shinikizo la damu na sukari vinapanda, na mifupa inadhoofika. Baada ya muda mwili huacha kutengeneza homoni yake yenyewe ya kukabiliana na magonjwa na ajali, na ukiacha vidonge ghafla unaweza kuzimia, hata kufa. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi.

Hakuna kidonge kinachojua njia ya kwenda kwenye makalio. Hakuna krimu wala sindano ya mtaani inayoijua. Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu wanaouziwa ni wasichana wa Nyalenda na Langa Langa, kwa pesa za chakula.

Na upasuaji?

Kuhamisha mafuta kutoka tumboni hadi makalioni kulikuwa, kwa muda, upasuaji wa urembo uliotajwa kuwa na vifo vingi kuliko mwingine wowote. Mwaka 2017 madaktari bingwa wa Marekani walikadiria kifo kimoja kwa kila wagonjwa 3,000. Mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza kikawashauri wanachama wake wausimamishe. Chanzo ni mafuta kuingia kwenye mishipa mikubwa ya makalio na kusafiri hadi moyoni na mapafuni. Tangu hapo wapasuaji wanahimizwa wayaweke chini ya ngozi tu, yasifike kwenye misuli. Hapa Kenya, Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mafuta Nairobi, na kituo kikafungwa. Kama umeshaamua, jina la daktari lazima liwe kwenye sajili ya Baraza la Madaktari, KMPDC, na sajili hiyo iko wazi mtandaoni.

Sindano za kupunguza uzito wanazotaja mastaa?

Oprah Winfrey alisema Desemba 2023 kwamba anatumia dawa ya aina hiyo, na Serena Williams akasema vivyo hivyo Agosti 2025. Dawa kama semaglutidi zilianza kama tiba ya kisukari cha aina ya pili. Kwa mwenye unene unaomletea maradhi, zina faida halisi, chini ya daktari. Mtu wa uzito wa kawaida anayetaka kuvaa gauni la Desemba hana kazi nazo. Huleta kichefuchefu na kutapika, na wengi wanaoziacha hurudisha uzito.

Nilipimwa nikaambiwa BMI yangu imezidi. Mwili wangu ni mbaya?

Hapana. BMI ni uzito wako ukilinganishwa na urefu wako. Hesabu hiyo ilibuniwa na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, katika karne ya 19, akichunguza umati wa watu. Hakuwa daktari wa mtu mmoja mmoja. Mwuguzi huitumia kama kengele ya kwanza. Mwulize shinikizo la damu, sukari na kipimo cha kiuno. Afya yako ina namba. Uzuri wako hauna.

Suruali za mitumba zikinipita nyonga hazinikai kiunoni. Shida ni mwili wangu?

Shida ni mkasi. Nguo nyingi za soko la Kibuye zilikatwa kwa vipimo vya wanawake wa Ulaya, Marekani au China, na kila kampuni ina namba zake. Ndiyo maana namba 12 moja inakubana na nyingine inakuanguka siku hiyohiyo, kwenye rundo lilelile. Fundi wa kibarazani anayepima kiuno chako, nyonga zako na urefu wako kabla ya kukata kitambaa ana heshima kwa mwili ambayo rundo la mitumba haliwezi kukupa. Hata suruali ya mitumba, mpelekee apunguze kiuno. Nimeona wasichana wakisimama tofauti kabisa wakiwa ndani ya nguo iliyoshonwa kwa ajili yao.

Shangazi yangu huniita "kibonge" mbele ya wageni. Nifanye nini?

Swali hili, kwa sura tofauti, lilikuwa kwenye karatasi nyingi kuliko jingine lolote. Mwingine anaitwa "mti wa stima", mwingine "giza". Nalijibu kwa urefu kwa sababu naamini hapa pana uzito kuliko Instagram yote.

Kwanza, una haki ya kuumia. Usikubali kuambiwa ni utani na wewe huna ngozi ngumu. Maneno ya shangazi, senje, waya, vyovyote mnavyomwita kwenu, huingia ndani kwa sababu ni mtu uliyefundishwa kumwamini.

Pili, usimjibu mbele ya wageni. Ukimjibu pale, mjadala utageuka kuwa adabu yako na maneno yake yatasahaulika. Mfuate jikoni mkiwa wawili. Sema: "Shangazi, nakuheshimu na napenda unavyotujia. Lakini ukiniita jina lile mbele ya watu naumia siku nyingi. Naomba uniite kwa jina langu." Kisha nyamaza. Usiombe radhi kwa kulisema. Wengi hushtuka kweli, kwa sababu wao wenyewe waliitwa hivyo wakiwa wadogo na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba inauma.

Akiendelea, tafuta mjumbe. Katika nyumba zetu nyanya ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia kila mtu ukweli. Yeye hutaniana na wajukuu na huwakemea wanawe. Mweleze nyanya. Neno lake moja kwenye mkusanyiko wa Desemba hufika mbali kuliko hasira yako ya mwaka mzima. Asipokuwepo, mama mdogo au rafiki wa mama anafaa.

Na wewe mwenyewe, chunga unavyosema juu ya wenzako. Msichana anayeumia kwa jina la "kibonge" nyumbani ndiye huyohuyo, saa mbili baadaye, anayeandika chini ya picha ya staa kwamba amezeeka na tumbo limemshuka. Dada zako wanasoma hayo. Mmoja wao ana tumbo kama hilo.

Mpenzi wangu husifu picha za wanawake wengine na kuniambia nijitahidi.

Mwambie mara moja kwamba yanakuumiza. Akirudia baada ya kuelewa, tatizo si mwili wako, na hakuna uzito utakaoufikia ukamridhisha.

Mimi ni mama. Nimnyang'anye simu?

Ukimnyang'anya mwenye miaka 16 atatumia ya mwenzake. Kwa mdogo, chelewesha kadiri unavyoweza. Akaunti ya mtoto wa miaka kumi haina haraka. Novemba 2024 TikTok ilitangaza kwamba itazuia filta zinazobadilisha sura kwa walio chini ya miaka 18, lakini kizuizi kinategemea umri ulioandikwa, na watoto huandika wanaoutaka. Angalia tarehe ya kuzaliwa kwenye akaunti yake. Keti naye mtazame pamoja, umwulize anayemfuata anauza nini.

Kisha jisikilize. Mama anayejitazama kwenye kioo kila asubuhi akisema "angalia nilivyoharibika" anafundisha somo refu. Na baba naye asikae pembeni. Binti hukumbuka sana baba aliposema "umefanya vizuri" bila kutaja sura wala uzito.

Kujikubali ni kutojiremba?

La. Suka nywele, vaa wigi, paka rangi ya midomo, kimbia asubuhi ufukweni Dunga. Jiulize tu: nisipofanya leo, naweza kutoka nje? Kama jibu ni ndiyo, furahia. Kama huwezi kwenda dukani bila kuuficha uso wako halisi, zungumza na mtu.

Nitajuaje kwamba imekuwa ugonjwa?

Ukiruka milo kwa siku kadhaa, ukijitapisha, ukitumia dawa za kuharisha, ukikosa hedhi kwa sababu ya kukonda, ukikwepa watu wote ili wasikuone, au ukikaa saa nyingi kwa siku ukikagua kasoro moja ambayo wengine hawaioni. Kujitapisha humomonyoa meno na kupunguza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo huweza kusimama. Si ugonjwa wa wazungu. Hata mwenye mwili mkubwa huupata, na hucheleweshwa kwa sababu watu wanampongeza kwa kupungua.

Mwambie mwalimu mshauri au nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, uombe kuonana na mshauri wa afya ya akili. Simu ya bure ya watoto ni 116, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Ukiwa na wazo la kujidhuru, piga leo, usingoje kujipanga.

Nifanye nini nikimjua anayeuza mafuta au vidonge hivi?

Dawa ziripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu, vipodozi kwa KEBS. Ukitaka kuhakikisha nembo ya ubora kwenye mkebe, tuma herufi SM, alama # na namba ya kibali kwenda 20023, utajibiwa jina la bidhaa na kampuni. Hifadhi mkebe, risiti na picha ya tangazo. Ukiogopa kwa sababu muuzaji ni jirani, mpe mtu mzima unayemwamini akusaidie kupeleka ripoti. Na kama wewe ndiye uliyeuziwa, huna kosa. Nenda ukapimwe figo, shinikizo la damu na sukari, ukiwa na mkebe huo mkononi.